Chuo cha Sheria Karibu na Nyumbani: Karibu kwa Nani?

Mtoto anapomaliza kidato cha sita, kila mtu katika ukoo huwa na chuo chake mdomoni. Mjomba anataka Dar es Salaam kwa sababu ndiko alikotamani kusoma yeye. Shangazi anataka mahali penye ndugu wa kumpokea. Bibi hataki mahali popote ambapo safari yake inamlaza mtu njiani. Nasi akina mama, tuliombeba mtoto huyo mgongoni, mara nyingi tuna neno moja tu: asiende mbali.

Neno hilo si baya. Lakini tumeona ni vema tulizungumze katika ukurasa huu, maana lilitufika sisi wenyewe hapa Daudi, wilayani Mbulu. Ilikuwa mwaka 2022. Binti yetu wa kwanza alifaulu kidato cha sita katika Historia, Jiografia na Kiingereza, akatuambia bila kupepesa macho kwamba atasoma sheria. Juu ya sheria hatukubishana naye. Tulibishana juu ya mahali.

Kwa nini sheria

Mmoja wetu, yaani mama anayeandika haya, ni muuguzi. Kwa miaka mingi chumba cha vidonda kimetufundisha kwamba si kila jeraha linaponywa kwa bandeji. Wako akina mama wanaokuja jicho limevimba, wakasema wameanguka zizini. Tunasafisha jeraha, tunawaeleza habari ya fomu ya polisi, ile PF3, nao wanauliza kwa sauti ndogo: "Nikienda polisi, kisha nikafukuzwa nyumbani, nitakuwa na haki gani?" Wako wajane ambao shinikizo lao la damu halishuki kwa dawa. Ukikaa nao kitako unasikia kwamba tangu matanga yaishe, shemeji mmoja amekuwa akisogeza mpaka wa shamba, hatua moja kila msimu wa kulima.

Haki za akina mama hao zimeandikwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawa na mwanamume. Kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Sheria hiyohiyo inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao 3 wawe wanawake. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, ilikubali kwamba kazi za mama nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea na kuuguza, vyote hivyo vilihesabiwa kuwa kazi.

Lakini haki ambayo mwenyewe haijui ni kama dawa iliyofungiwa kabatini na ufunguo umepotea. Binti yetu alikua akisikia mazungumzo hayo mezani, tukiwa tumeficha majina ya watu kama kazi inavyotutaka. Alipokuwa kidato cha pili, mama mmoja wa usharika alifundisha habari za binti watano wa Selofehadi katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Baba yao alikufa bila kuacha mtoto wa kiume. Wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na mbele ya mkutano wote, wakadai sehemu yao. Musa akaipeleka kesi yao kwa Bwana, na Bwana akasema madai yao ni ya haki. Binti yetu alirudi nyumbani akauliza: "Kwa hiyo hao walikuwa mawakili?" Baba yake akacheka, akamjibu kwamba walikuwa wadai, lakini walijitetea vizuri. Nadhani hapo ndipo mbegu ilipoanguka.

Karibu ya wazee wetu ilikuwa London

Kabla hatujaendelea, ni vema tukumbuke kwamba neno "karibu" limebadilika sana. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, kabla ya mwaka 1961 hapakuwa na chuo kikuu kilichofundisha sheria. Aliyetaka uwakili alipanda meli au ndege kwenda Uingereza, na wazazi wake walimwona tena baada ya miaka. Ni wazazi wangapi wa kijijini waliweza gharama hiyo? Na ni wangapi wangeithubutu kwa mtoto wa kike?

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa kitivo cha sheria. Wanafunzi wa kwanza hawakuzidi kumi na watano. Miongoni mwa wanawake wa kwanza kusomea sheria hapo alikuwamo Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa nchi yetu. Wanafunzi walitoka pia Kenya na Uganda, kwa sababu Makerere ilianza kufundisha sheria mwaka 1968 na Nairobi mwaka 1970. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 2011, ni mmoja wa waliosomea sheria Dar es Salaam. Kwa kijana wa Kitui aliyetaka sheria wakati ule, Dar es Salaam ndiyo ilikuwa karibu.

Tukiyakumbuka hayo, tunajifunza kumshukuru Mungu kabla ya kulalamika. Mama wa leo anayesema Arusha ni mbali, bibi yake angeambiwa London.

Njia zilizokuwa mbele yetu

Tulikaa na kuziandika njia zote kwenye daftari la shule, tukitafuta habari katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu. Tunazitaja hapa ili mama mwenye mtoto wa namna hiyo apate pa kuanzia.

Ya kwanza ilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye kilima kile wanachokiita Mlimani. Hicho ndicho binti alichokitaka. Ya pili ilikuwa Mzumbe, mkoani Morogoro. Ya tatu ilikuwa Iringa, ambako kuna vyuo vya makanisa vinavyofundisha sheria: Chuo Kikuu cha Iringa, na Chuo Kikuu cha Ruaha cha wenzetu Wakatoliki. Ya nne ilikuwa Dodoma. Zamani mtu wa Mbulu asingeiita Dodoma karibu, lakini barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018, imegeuza hesabu hiyo. Ya tano ilikuwa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River karibu na Arusha, mahali ambapo kanisa letu la Kilutheri limewafundisha wachungaji kwa miaka mingi na ambapo sasa sheria inafundishwa pia.

Kwa mtoto ambaye hakufika kidato cha sita, au alifika na alama hazikutosha, bado mlango haujafungwa. Kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama huko Lushoto, mkoani Tanga, kinachotoa astashahada na stashahada ya sheria. Mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba shahada baadaye. Baridi ya Lushoto haitamshangaza mtu wa Mbulu.

Na iko njia moja ambayo ni karibu kuliko zote, hata kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinafundisha sheria kwa mtu aliyeko nyumbani kwake, na kina kituo cha mkoa wetu pale Babati. Msomaji, kama wewe mwenyewe uliacha masomo kwa ajili ya ndoa na bado moyo unakuuma, usilipite neno hili haraka.

Hoja za nyumbani

Baba yake alisimama upande wa karibu. Alisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto akiugua Dar es Salaam, tutafika lini? Nauli ya kwenda na kurudi ni debe ngapi za maharage? Akiwa Arusha tunaweza kumpelekea mahindi na maharage kwenye basi la Karatu, na tunguli la mafuta, naye akapikiana na wenzake.

Bibi yake, mama wa baba, alikuwa na hofu nyingine. Alisema wasichana wanaokwenda mbali hurudi na mimba au hawarudi kabisa. Tulimjibu kwa heshima kwamba mimba haiulizi kilomita, na kwamba mtoto aliyefundishwa kujithamini hujilinda popote. Hakuridhika.

Ndipo binti akasema neno ambalo hatujalisahau. Alisema: "Baba, mama, mkinitaka karibu ili nisome vizuri, nitakaa karibu. Lakini mkinitaka karibu ili niitwe kila bibi akiumwa, kila shamba likivunwa na kila kukiwa na msiba, mniambie sasa nijue."

Tulinyamaza. Sote tulijua alikuwa na maana gani. Katika vijiji vyetu, kijana wa kiume aliyeko chuoni haitwi kuja kumwuguza bibi. Huambiwa, "Soma, mwanangu, tunakuombea." Msichana aliyeko chuoni huitwa. Huitwa kuchota maji, kupika kwenye msiba, kulea mtoto wa dada aliyejifungua. Akiwa mbali, umbali humlinda. Akiwa karibu, hana kinga. Tumewaona wasichana wenye akili waliosoma vyuo vya jirani wakifeli kwa sababu kila mwezi walikuwa nyumbani siku tano, na watu wakasema, "Masomo yalimshinda." Hayakumshinda. Alipewa vyuo viwili kwa wakati mmoja, cha sheria na cha jikoni kwa mama yake.

Kwa hiyo swali letu likabadilika. Badala ya kuuliza chuo kipi kiko karibu, tukaanza kuuliza: karibu kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya mtoto, ukaribu ni baraka. Kama ni kwa ajili yetu, ukaribu ni kamba.

Tulikwenda kuona

Alipata nafasi vyuo viwili, Dodoma na Makumira. Kabla ya kuthibitisha kimoja, tulimwomba dereva wa hapa kijijini atufikishe Karatu alfajiri, tukapanda basi la Arusha kupitia Makuyuni, tukafika Usa River mchana. Mfugaji hanunui ng'ombe kwa kusimuliwa.

Hatukwenda kutazama majengo. Tulitaka kujua kama walimu wapo darasani, kama vitabu vya maktaba vina alama za kutumika, na kama wanafunzi wanafanya mazoezi ya kesi, wakisimama na kujibu hoja kama mahakamani. Tuliwakuta wasichana wawili wakianua nguo, tukawasalimu, tukawauliza maswali ya kimama: Mnalala salama? Mnakula nini? Mkiandika kazi zenu, nani anasahihisha, na anarudisha baada ya muda gani? Walitujibu kwa uwazi, na majibu yao yalitufaa kuliko maandishi ya kipeperushi.

Jambo la lugha tuliliulizia kwa makini. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, na mama wa kijijini akashukuru. Lakini chuoni masomo bado ni kwa Kiingereza, na kesi nyingi za zamani ambazo mwanafunzi lazima azisome zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyetoka shule zetu za kata anahitaji mahali ambapo uandishi wake utasahihishwa mara kwa mara, bila kuchekwa. Hilo lilikuwa na uzito kwetu kuliko jina la chuo.

Binti aliangalia, akauliza maswali yake mwenyewe, na njiani kurudi akasema atathibitisha Makumira. Tulifurahi kwamba neno lilitoka kwake.

Habari iliyotikisa nyumba

Mwezi Oktoba mwaka huohuo, tukiwa tumekwisha kununua godoro, redio ikatoa habari iliyotushtua. Kwa msomaji asiyefahamu, tueleze kidogo. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Ipo Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Iko Dar es Salaam. Mwenye shahada anayetaka uwakili hupitia hapo kwa mwaka mmoja, sehemu darasani na sehemu mahakamani na katika ofisi za mawakili, kisha hufanya mitihani. Uwe umesoma Usa River, Iringa au Mlimani, njia zote zinakutana mlango mmoja.

Habari yenyewe ilikuwa hii: katika matokeo yaliyotangazwa, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Mamia walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na wengine mamia waliondolewa. Nchi nzima ililizungumza. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu.

Baba yake alizima redio. Alisema, "Tusubiri mwaka mmoja. Au asome ualimu." Binti alikwenda kulala bila kula. Usiku ule tulizungumza mpaka jogoo wa kwanza. Tulikumbuka mfano wa Bwana Yesu katika Luka 14, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kupiga hesabu. Hesabu yetu tuliyoipiga mwanzo iliishia kwenye shahada. Sasa tuliona mnara una ghorofa moja zaidi, nayo iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Arusha.

Asubuhi tulimwita. Tulimwambia: "Utakwenda. Lakini tangu siku ya kwanza utasoma ukijua mtihani ulio mbele, nasi tangu siku ya kwanza tutaweka akiba ya Dar es Salaam." Kuahirisha kusingemwongezea maarifa. Kulichomwongezea maarifa ni kusoma, na kuachwa asome.

Makubaliano yetu

Tuliandika makubaliano kwenye daftari lilelile, tukatia sahihi wote watatu, na bibi akaweka dole gumba.

Kwanza, hataitwa nyumbani kwa msiba isipokuwa wa mzazi, ndugu wa tumbo moja, babu au bibi. Kwa misiba mingine, mchango wetu na mikono yetu vitatosha.

Pili, tutazungumza naye kwa simu kila Jumapili jioni baada ya ibada. Wiki za mitihani hatutampa habari za matatizo ambayo hawezi kuyatatua.

Tatu, likizo ndefu atapumzika nyumbani wiki mbili, asaidie kazi kama ndugu zake wa kiume. Wiki zinazobaki atatafuta nafasi ya kujifunza kwenye mahakama ya hapa Mbulu, au kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hapa ndipo ukaribu unapoleta faida. Anajifunza sheria katika mahakama ambayo wadai wake anawaelewa hata wanapozungumza Kiiraqw.

Nne, tumetenga mtamba mmoja. Maziwa ni ya nyumba, lakini ndama wote ni wa Shule ya Sheria. Wadogo zake wamempa ng'ombe huyo jina la Dar es Salaam. Asubuhi utawasikia wakiitana, "Nani amekamua Dar es Salaam?"

Makubaliano yanapojaribiwa

Mwezi Februari 2024 bibi aliugua homa ya mapafu, akalazwa. Binti alikuwa karibu na mitihani. Majirani walituambia waziwazi, "Mjukuu yuko Arusha hapo tu, mwiteni aje amwuguze." Tuliposema hatutamwita, wengine walisema tuna mioyo migumu. Akina mama wa usharika walipanga zamu, wawili usiku na mmoja mchana, kwa wiki tatu. Mwenyewe bibi, pumzi ikiwa bado fupi, aliuliza kama mtoto ameambiwa. Tukasema hapana. Akasema, "Vizuri. Niliweka dole."

Alipona, akaishi mwaka mmoja zaidi. Alifariki mwanzoni mwa 2025, na safari hii tulimpigia binti simu usiku uleule. Aliondoka Usa River kukiwa bado giza, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameketi kando ya jeneza. Angekuwa Dar es Salaam angekuwa bado yuko njiani. Hilo nalo ni faida ya karibu, nasi hatulidharau.

Baada ya mazishi, ukoo ulikaa kuzungumza juu ya shamba la bibi. Sehemu ya shamba hilo ilikuwa ikilimwa na shangazi ya binti, aliyerudi nyumbani miaka mingi iliyopita ndoa yake ilipovunjika. Mzee mmoja alisema kwamba mwanamke akishaolewa hana ardhi kwao. Shangazi aliinamisha kichwa. Binti yetu akaomba ruhusa kwa wazee, akasimama, akazungumza kwa Kiiraqw, polepole, kwa adabu. Hakumtukana mtu wala mila. Alieleza kifungu cha 20 kinasema nini, na Baraza la Ardhi la Kijiji litasema nini jambo hilo likifika huko. Kisha akawauliza wazee kama bibi mwenyewe aliwahi kumfukuza shangazi. Hakuna aliyejibu, maana wote walijua bibi alimgawia sehemu ile kwa mkono wake.

Mazungumzo yalikuwa marefu, na si kila mtu alitoka akitabasamu. Lakini shangazi analima shamba lile hadi leo, na makubaliano ya ukoo yaliandikwa na mashahidi wakatia sahihi. Kwa wakili wa mjini hiyo ingekuwa kesi ndogo. Kwa shangazi ni mahindi ya mwaka mzima.

Siku ya tatu binti alirudi chuoni. Shangazi ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye gari.

Maswali ya kujiuliza

Hatuandiki haya ili kila mama apeleke mtoto wake Makumira, wala kumzuia anayechagua Mlimani. Yuko mtoto ambaye kutoka mbali kutamkomaza, na yuko ambaye kutamvunja. Wewe mama unamjua wako. Lakini kabla ya kusema "asiende mbali," keti na mumeo, na mtoto akiwepo, mjiulize haya.

Je, tunamtaka karibu kwa faida yake au kwa faida yetu? Kama angekuwa mvulana, tungesema neno hilohilo? Je, tumekiona chuo kwa macho yetu, au tumesikia sifa tu? Je, atafundishwa kuandika na kusema, au kukariri tu? Akimaliza shahada, fedha ya mwaka wa Dar es Salaam itatoka wapi? Na je, tuko tayari kuyaheshimu masomo yake akiwa karibu, kama ambavyo tungelazimika kuyaheshimu akiwa mbali?

Swali la mwisho ndilo gumu, kwa sababu majirani watakuja kukujibia.

Binti yetu sasa anakaribia kumaliza shahada. Mlango wa Dar es Salaam bado uko mbele yake, na hatujui ataupita kwa mara ya kwanza au ya pili. Mtamba amekwisha kuzaa mara mbili. Tunaomba mtuombee, kama nasi tunavyowaombea watoto wenu, wawe wanasomea jirani au ng'ambo. Bwana, aliyesikiliza kesi ya binti watano jangwani, awape watoto wetu hekima ya kusema kwa ajili ya wasioweza kujisemea, na atupe sisi mama zao neema ya kuwaacha wasome.